Nilimwamini mwandishi wa magemu, dada yangu akakatwa Sh186,000

Meseji ya dada iliingia saa tano na robo usiku, Jumapili. Haikuwa na salamu. Ilikuwa picha ya taarifa ya benki yenye makato tisa ya siku moja, jumla Sh186,000. Chini yake aliandika: "Si ulisema hilo gemu ni salama?"

Ni kweli nilisema.

Dada yangu ana mtoto wa kiume wa miaka 11, ambaye kwa mila zetu ni mwanangu pia. Ananiita mama mdogo. Wiki mbili kabla ya hapo aliomba awekewe gemu fulani kwenye simu ya mama yake, kwa hoja ile ile ambayo kila mzazi ameshaisikia, kwamba darasani kwao kila mtu analo. Dada ni mshonaji. Siku yake inaanzia na kuishia kwenye cherehani, hana muda wa kuchunguza magemu. Akafanya wanachofanya ndugu wote wenye mtu wa gazeti kwenye ukoo: akanitupia mimi. "Wewe ndiye msomi, hebu nitazamie."

Nikatazama. Kutazama kwenyewe kulichukua dakika 10, nikiwa kwenye daladala natoka Mwenge. Niliandika jina la gemu, nikaletewa tathmini ya mwandishi mmoja wa nje anayeandika habari za magemu kwenye tovuti kubwa. Ameandika vizuri, hoja zimepangwa, picha zinavutia. Mwishoni akatoa alama 9 kwa 10. Nikamjibu dada: "Liko poa, mwandishi anayeaminika amelisifu."

Anayeaminika na nani? Hilo sikujiuliza. Nilimwamini kwa sababu aliandika sentensi nzuri.

Gemu lenyewe ni la bure kupakua. Fedha inatoka ndani yake. Mtoto ananunua "almasi", na kwa almasi hizo anafungua masanduku asiyojua yana nini. Anaweza kupata mchezaji hodari au silaha kali, anaweza kupata takataka, na akipata takataka anataka kufungua lingine. Kadi ya benki ya dada ilikuwa imebaki kwenye simu tangu aliponunua vifaa vya ushonaji mtandaoni. Mtoto aliapa kwamba alidhani almasi ni pointi za mchezo tu, na mimi namwamini. Dada hahesabu hasara kwa shilingi, anahesabu kwa nguo. "Hizo ni sare 12 nimeshona bure," alisema. Hakunigombeza zaidi ya hapo, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Kazi yangu ni kuandika habari za afya. Mtu akiniletea taarifa kwamba dawa mpya inatibu kitu fulani, maswali yananitoka bila kufikiri. Nani alilipia utafiti? Wagonjwa walikuwa wangapi? Dawa ililinganishwa na nini? Aliyeandika ripoti ana hisa kwenye kampuni? Chuoni tulifundishwa kisa cha maziwa ya kopo mpaka tukakikariri. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni zinazozuia kutangaza maziwa hayo kwa umma na kuwapa wahudumu wa afya zawadi za kuwashawishi wayapendekeze. Zawadi hubadilisha ushauri hata kama anayeipokea anaapa kwamba hajabadilika. Haya yote ninayajua. Lakini lilipokuja suala la mtoto na simu, nikasoma alama 9 kwa 10 kama mgonjwa anayesoma bango la mganga barabarani.

Jumamosi iliyofuata nilikaa na yule mwandishi. Yaani nilikaa na kazi zake, tathmini 22 za mwaka mmoja, daftari pembeni na kikombe cha chai. Nilikuwa na hasira na nilikuwa natafuta mwizi.

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa maandishi madogo mwishoni mwa tathmini mbili: mwandishi alisafiri na kulala hotelini kwa gharama ya kampuni iliyotengeneza gemu. Nyingine karibu zote zilikuwa na mstari kwamba tovuti ilipewa nakala bila malipo. Nikapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Cha pili ni alama zake. Kati ya magemu 22, 17 yalipata kati ya 8 na 9. Kwa mwandishi huyo, 7 ni sawa na kufeli. Anayesoma tathmini moja tu, kama nilivyofanya mimi kwenye daladala, hawezi kujua kwamba 9 yake ni ya kila wiki.

Cha tatu kilinigusa kuliko vyote. Tathmini ya gemu letu ilichapishwa siku mbili kabla ya gemu kutoka kwa umma. Kwenye maneno zaidi ya elfu moja, duka la ndani limetajwa mara moja, kwamba "litafunguliwa siku ya uzinduzi". Kwa hiyo aliyelipa gemu alama 9 hakuwahi kuliona dirisha lililokula fedha za dada yangu.

Nilipofika hapo nilikuwa tayari nimeshamhukumu. Kisha nikasoma tathmini ya 19, ambamo aliichambua kampuni moja kubwa bila huruma. Na ya 20, ambamo aliandika wazi kwamba rafiki yake wa zamani alifanya kazi kwenye gemu husika, kwa hiyo msomaji apime mwenyewe. Mtu aliyenunuliwa haandiki hivyo. Ilibidi nianze upya.

Wasiwasi wangu haukuwa wa bure, kwa sababu fani hii ina historia. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Jeff Gerstmann wa tovuti ya GameSpot nchini Marekani. Alikuwa hapo zaidi ya miaka 10 na alikuwa miongoni mwa wahariri wake wakuu. Novemba 2007 aliipa alama 6 kwa 10 gemu iitwayo Kane & Lynch: Dead Men. Wakati huo huo kampuni ya Eidos, wachapishaji wa gemu hilo, ilikuwa imelipia matangazo yaliyofunika tovuti ile ile. Mwezi haujaisha, Gerstmann akafukuzwa. Wenye tovuti walikana kwamba ni kwa sababu ya watangazaji. Wasomaji hawakuridhika, na baadhi ya wenzake wakaacha kazi. Yeye mwenyewe alikuwa amefungwa na makubaliano ya kutosema, mpaka Machi 2012 alipoachiwa na kueleza hadharani: viongozi wapya waliotoka upande wa biashara walishindwa kuhimili shinikizo la watangazaji juu ya alama za chini, na hiyo ya Kane & Lynch haikuwa ya kwanza kuleta mvutano.

Mimi ninapokisoma kisa hicho namfikiria zaidi aliyebaki ofisini Jumatatu iliyofuata, akiwa na tathmini ya kuandika na matangazo yamezunguka ukurasa. Hakuna aliyemwambia apandishe alama. Hakukuwa na haja.

Siku hizi njia ni laini zaidi. Desemba 2020 lilipotoka gemu la Cyberpunk 2077, waandishi waliopewa nakala mapema walipewa ya kompyuta tu, na walizuiwa kuonyesha video walizorekodi wenyewe kabla ya siku ya kutoka. Wengi walitoa alama za juu, na kwa walichokiona hawakudanganya. Walionunua kwa ajili ya PlayStation 4 wakakuta gemu linakwama na kuzimika ovyo. Wiki moja baadaye Sony ililiondoa dukani kwake na kuanza kurudisha fedha za watu. Likarudi dukani Juni 2021. Ni kama kampuni ya dawa ikuonyeshe wagonjwa wa wodi moja tu, wale waliopona.

Halafu kuna hawa wa kwenye video, ambao watoto wetu wanawafuata kuliko mwandishi yeyote wa tovuti. Mwaka 2016 Tume ya Biashara ya Marekani ilifikia makubaliano na Warner Bros. baada ya kubaini kwamba ililipa watu maarufu wa YouTube maelfu ya dola wasifie gemu lake la Shadow of Mordor. Masharti yalikuwa pamoja na kutoonyesha hitilafu za gemu. PewDiePie, aliyekuwa na wafuasi wengi kuliko wote wakati huo, alikuwa mmoja wao. Taarifa kwamba video imelipiwa iliwekwa chini, mahali ambapo mtazamaji hawezi kuiona mpaka abonyeze kufungua maelezo zaidi. Mtoto wa miaka 11 hafungui maelezo zaidi. Hata mama yake hafungui.

Basi je, kila anayesifia gemu amekula? Hapa lazima nijizuie, kwa sababu tuhuma nazo zina mapenzi yake. Mwaka 2014 kulizuka vurugu kubwa mtandaoni zilizoitwa Gamergate. Zilianza kwa madai kwamba mwandishi wa tovuti ya Kotaku aliisifia kazi ya mtengenezaji gemu mmoja, mwanamke, kwa sababu ya uhusiano wao. Tathmini hiyo iliyodaiwa haikuwahi kuwepo. Mwandishi hakuwa ameandika tathmini ya gemu hilo kabisa, jambo ambalo mtu yeyote angeligundua kwa kutafuta dakika mbili. Mwanamke yule alitishiwa kuuawa mpaka akahama nyumbani kwake, na wanawake wengine wa fani hiyo wakaandamwa vilevile. Maneno "maadili ya uandishi" yalitumika kama rungu na watu ambao hawakuwa wamesoma walichokuwa wanakilalamikia.

Na mimi Jumamosi ile, na kalamu yangu nyekundu, nilikuwa karibu kufanya hivyo hivyo kwa kiwango changu kidogo.

Nilimwandikia barua pepe. Sikutegemea jibu, ila lilikuja siku ya tatu. Alisema nakala aliyopewa haikuwa na duka, kwamba aliuliza bei za masanduku na kampuni haikumjibu, na kwamba alipaswa kuandika hilo kwenye tathmini badala ya kulipita. Akaongeza jambo ambalo nimeendelea kulifikiria: wakati anaandika, msomaji aliye kichwani mwake ni mtu mzima mwenye mshahara, anayetaka kujua kama atafurahi wikiendi. Mzazi hakuwa amempigia hesabu. Baada ya siku chache niliona ameongeza aya juu ya tathmini yake kuhusu ununuzi wa ndani. Alama 9 hakuibadilisha, na sidhani alilazimika. Kwa msomaji wake huenda ni 9 kweli.

Hapo ndipo niliona kosa langu kubwa lilikuwa wapi. Nilikuwa nimechukua jibu la swali lingine. Yeye aliulizwa "linafurahisha?", mimi niliulizwa na dada "linamfaa mtoto?", nikakata jibu la huyu nikalibandika kwa huyu. Upendeleo wake ulikuwepo, nakala za bure na hoteli zilikuwepo, lakini hata angejilipia kila kitu bado asingenijibu swali langu.

Wazazi wengi wananiandikia kuhusu uraibu wa magemu, hasa tangu Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Ni swali halali, ingawa mtoto anayechelewa kuacha simu kwa nusu saa siyo mgonjwa. Ila ni wachache sana wanaoniuliza habari za fedha ndani ya gemu, na hiyo ndiyo iliyotukuta sisi. Desemba 2022 kampuni ya Epic Games, watengenezaji wa Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 245 ili zirudishwe kwa wateja, baada ya tume ile ile ya Marekani kusema kwamba mpangilio wa vitufe vyake uliwafanya watu wanunue bila kukusudia, na watoto walitumia fedha bila idhini ya wazazi. Kwa hiyo mtoto wetu si mjinga peke yake duniani. Ubelgiji ilishasema mwaka 2018 kwamba masanduku ya bahati ya namna hii, yakinunuliwa kwa fedha, ni kamari.

Sasa dada akiniuliza, nafanyaje? Naanza na alama ya umri, ile namba ya PEGI ya Ulaya au herufi za ESRB ya Marekani. Siku hizi zote mbili huandika pia kama kuna ununuzi ndani, na tangu mwaka 2020 kama unachonunua ni cha kubahatisha. Hapo tayari nimepata kile ambacho maneno elfu moja ya sifa hayakuniambia. Nikisoma mwandishi, natazama tarehe kwanza. Tathmini iliyotoka kabla ya gemu naichukulia kama maelezo ya mgeni aliyekaribishwa sebuleni, hajaona jikoni. Natafuta iliyoandikwa mwezi mmoja baadaye, na mara nyingi inatoka kwenye tovuti ndogo ambayo haikualikwa popote. Nashuka mpaka chini kabisa kwenye maandishi madogo. Mwandishi anayetaja nani amemlipia namwamini zaidi kuliko asiyetaja kitu, maana kimya siyo ushahidi wa mikono safi. Na nasoma kazi zake nyingine tatu au nne, nijue 9 yake ina uzito gani.

Maoni ya wachezaji wa kawaida nayasoma pia, kwa tahadhari. Kuna siku maelfu wanaipa gemu sifuri kwa sababu wamekasirishwa na jambo lisilohusu gemu lenyewe. Nayachambua kwa kutafuta neno moja tu: fedha. Mzazi mwenzako aliyekatwa fedha ataandika hata kama Kiingereza chake ni cha kuungaunga.

Wastani wa alama za waandishi wote, ule wa Metacritic, siku hizi nautazama mwisho kabisa. Tatizo lake ni kwamba fedha za watu zinaning'inia juu yake. Watengenezaji wa Fallout: New Vegas ya mwaka 2010 walikosa bonasi kwa sababu walihitaji wastani wa 85, wakapata 84. Namba inayolipa mishahara ya watu itavutwa tu, kutoka kila upande.

Na kadi ya benki tumeitoa kwenye simu. Hilo lilipaswa kuwa la kwanza.

Mtoto mwenyewe tulikaa naye. Dada alitaka afute gemu, nikaomba kwanza asome na mimi tathmini mbili zinazopingana, ajaribu kujua kila mwandishi amesimama wapi. Alilipenda zoezi hilo kuliko nilivyotarajia. Alianza kushuka mwisho wa kila ukurasa kutafuta "nani kamlipia", na akilipata anashangilia kama amefunga goli.

Jumapili moja alikuja kwangu, akakuta gazeti letu la nyuma kidogo juu ya meza. Kuna habari yangu humo kuhusu unga wa lishe wa watoto, uliozinduliwa kwenye hoteli moja ya ufukweni. Ni habari nzuri, ina picha na maneno ya meneja. Akaisoma yote mpaka mwisho, akageuza ukurasa, akarudi.

"Mama mdogo, huku chini mbona hakuna?"

"Hakuna nini?"

"Nani kakulipia."

Siku ile waandishi wote tuliohudhuria tulipewa chakula cha mchana, mfuko wenye pakiti nne za unga, na bahasha ya nauli. Wenzangu kwenye fani wanaijua bahasha hiyo, wengine tunaiita mshiko tunapotaniana. Niliipokea, nikarudi ofisini, nikaandika. Sikuandika uongo hata mstari mmoja. Ila nakumbuka nilikuwa na swali kuhusu kiasi cha sukari kwenye unga ule, na sikuliuliza, kwa sababu meneja alikuwa mkarimu na muda ulikuwa umekwenda. Pakiti nilimpa dada yangu. Mdogo wa huyu mtoto ndiye aliyeunywa uji wake.

Jumatatu nilimweleza mhariri wangu kuhusu bahasha, na nikapiga simu kuulizia sukari. Bado nasubiri kujibiwa, na jibu likija litachapishwa kwenye ukurasa huu huu.

Lakini Jumapili ile, mbele ya mtoto, nilimwambia tu ukweli: walinipa nauli, Sh50,000.

Akafikiri kidogo. "Kutoka hapa mpaka ufukweni nauli ni Sh50,000?"

"Hapana."

Akaangalia tena picha ya meneja. Kisha akauliza kama hela hiyo ninayo bado, ili tumrudishie mama yake sehemu ya zile 186,000.